Kifaa Kinatumika

Siku ya arobaini ya Faraji, kule kwao Masasi, mdogo wake alisimama uani akaeleza maisha ya marehemu. Alitaja shule alizosoma, akataja benki aliyoitumikia Dar es Salaam mpaka alipoanza kuugua, akataja watoto na madarasa ya madrasa aliyochangia kujenga. Mwaka aliokaa Mtwara mjini hakuutaja. Huenda hakuujua, au aliuhesabu kuwa mwaka wa kusubiri ajira tu, kama vijana wengi wanavyokuwa nao. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake waliokuwa wakichambua mchele, nikasikiliza mpaka mwisho nikiona kama wanamzungumzia mtu mwingine. Sikulia siku ile, na hata habari za kifo chake ziliponifikia sikulia. Kuna watu ambao uliachana nao zamani, ukawaweka mahali pao ndani ya kichwa chako, na wakifa wanaendelea kukaa palepale. Faraji wangu mimi amekaa mbele ya kompyuta kwenye chumba chenye joto, shati limemganda mgongoni, anauliza swali lilelile kwa sauti ya chini: nani ameishika?

Sitaanza na nyumbani kwetu wala na nilivyosoma. Mwaka huo kwangu unaanzia mlangoni mwa kile chumba. Kilikuwa Ufukoni, nyuma ya ghala la zamani la korosho. Sehemu kubwa ya ghala ilikodiwa na mfanyabiashara aliyewaweka wanawake wa kubangua korosho, na sisi tulipewa kona iliyokuwa ofisi ya karani wa mizani. Ukutani tuligongomea magodoro chakavu ya sponji na kuyafunika kwa khanga ili wageni wasione madoa. Kioo kimoja kilitenga kichumba cha kurekodia na meza ya kompyuta. Feni ilikuwepo, lakini tukiiwasha iliingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo tulifanya kazi kwa jasho na kuiwasha tukimaliza. Harufu ya maganda ya korosho yaliyoungua ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye karatasi, mpaka kwenye chai. Na kupitia ukutani tuliwasikia wabanguaji kutwa nzima: nani ameolewa mke wa pili, mume wa nani amepata kibarua kwenye visima vya gesi Msimbati na sasa hasalimii watu, nani amejifungua pacha. Mara nyingine maneno yao yaliingia katikati ya mashauri ya daktari kuhusu malaria, ikabidi turudie. Tulipowaomba wapunguze sauti walituuliza kama redio yetu inalipa zaidi ya korosho.

Kazi yetu ilikuwa kutayarisha kipindi kimoja kila wiki kwa niaba ya shirika dogo la kijamii. Kipindi kilikuwa na mashauri ya kilimo, afya ya mama na mtoto, na mwishoni matangazo ya watu wanaotafutana. Tulikitia kwenye CD, na kila Alhamisi kituo cha redio cha mjini kilikirusha. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyosikilizwa zaidi, kwa sababu mawimbi yalivuka Ruvuma, na ng'ambo kule kulikuwa na ndugu wa watu wengi wa upande wetu waliotenganishwa na vita. Mkuu wetu alikuwa Mzee Likapa, mtangazaji wa siku nyingi, mtu mfupi mwenye sauti ambayo usingedhani inatoka kifuani mwake. Alikuwa amezoea kaseti na wembe. Kompyuta aliletewa na wafadhili, akaipokea kwa adabu kama mtu anavyompokea mgeni ambaye hajui atakaa siku ngapi.

Faraji aliletwa kwa sababu ya virusi. Kila mtu aliyetuletea sauti kwenye flashi alituletea na virusi, na wakati fulani kipindi kizima kilipotea siku moja kabla ya kurushwa. Faraji alikuwa amemaliza chuo, hana kazi, na alikuwa na CD ya Linux aliyopewa na rafiki. Alimweleza Mzee kwamba mfumo huo wa kuendeshea kompyuta haulipiwi na virusi vile havitausumbua. Mzee alimuuliza kama utacheza sauti, Faraji akajibu kwamba utacheza. Akafuta kila kitu, akaweka huo wa kwake, na kwa siku chache tulikuwa na amani. Virusi viliisha kweli. Kisha tukaanza kufanya kazi, na ndipo tulipojua kwamba kila programu ya sauti mle ndani ilijiona kuwa iko peke yake duniani.

Nieleze jinsi ilivyokuwa, maana watoto wa siku hizi hawataamini. Kompyuta ilikuwa na kadi moja ya sauti. Programu ya kwanza kufunguka iliishika kadi hiyo na haikuiachia. Nikifungua programu ya kucheza muziki ili nisikilize wimbo wa kufungulia kipindi, halafu nikafungua programu ya kurekodi, hii ya pili ilikataa. Ujumbe ulikuja kwa Kiingereza, lakini sisi tuliutafsiri siku ya kwanza na tukaendelea kuuita hivyo: kifaa kinatumika. Nikifunga ya muziki, ya kurekodi bado ilikataa. Nikifunga zote mbili, kompyuta yenyewe ilitoa mlio wa kunikaribisha, kumbe kadi imeishika yenyewe. Mara nyingine hapakuwa na ujumbe wowote; rekodi ilikwenda vizuri, mstari unatembea kwenye skrini, na ukija kusikiliza hakuna kitu, kimya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimrekodi bwana shamba mmoja akieleza ukungu wa mikorosho kwa ufasaha mkubwa, na alipoondoka nikakuta sikupata hata neno. Ilibidi nimfuate ofisini kwake na kumwomba arudi. Alirudi, lakini ufasaha ule haukurudi naye.

Mzee Likapa hakuwahi kupaza sauti. Alimwita Faraji nje, kwenye benchi la mama aliyetuuzia chai na ming'oko, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nikichovya mizizi hiyo ya porini kwenye chumvi na pilipili. Alimwambia hana ugomvi na hiyo Linux yake, lakini Alhamisi haisubiri mtu. Kama ikifika Idd bado mambo ni haya, atamwita fundi mwingine arudishe mfumo wa zamani pamoja na virusi vyake, na Faraji atakwenda kutafuta kazi nyingine. Faraji alisema, "Nimekuelewa, Mzee," akamalizia chai. Alikuwa na tabia hiyo ya kupokea jambo zito kama vile ameambiwa saa. Wengine waliiona kuwa ni dharau. Mimi nilikaa naye karibu nikajua kwamba ni namna yake ya kuogopa.

Bi Atija alikuja katikati ya shida hiyo. Alitokea Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga khanga mbili, na alipokaribishwa kiti alikaa chini kwenye mkeka. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, chenye Kimakua ndani yake. Nilimwamkia, akaitikia, akafungua pindo la khanga na kutoa kaseti iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akatueleza jambo lake bila kuficha kitu, kama mtu ambaye ameshalieleza mara nyingi.

Alizaliwa ng'ambo. Wakati wa vita walivuka Ruvuma kwa mtumbwi, yeye akiwa msichana mkubwa, pamoja na mama yake na watu wengine wa kijiji. Mdogo wake wa kiume, Amisse, alikuwa mtoto wa kama miaka sita. Mtumbwi ulijaa. Mwenye mtumbwi alisema mmoja ashuke asubiri safari ya pili pamoja na mjomba wao aliyekuwa bado ukingoni, na mama akaamua ashuke Amisse. Mtoto alishika ubao wa mtumbwi asiachie. Atija ndiye aliyembandua vidole. Mtumbwi ulivuka, na kabla haujarudi askari walifika ukingo ule, watu wakatawanyika. Miaka ilipita. Vita vilipokwisha walipata habari kwamba Amisse yuko hai, amekua, ana mke, anaishi kijiji kimoja upande wa Palma. Mama akatuma salamu. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: mama anamkumbuka, lakini dada hana. Mama alikuwa tayari mgonjwa, hawezi safari. Aliomba redio kaseti ya jirani, akazungumza mpaka upande mmoja ukaisha. Alimwambia mwanawe kwamba mkono ulikuwa wa dada yake lakini amri ilikuwa ya kwake yeye, mama. Kaseti ilipelekwa, Amisse akaikataa bila kuisikiliza, akidhani ni maneno ya Atija. Mama akafariki. Kaseti ikapelekwa tena, ikarudishwa tena.

Mzee Likapa alimuuliza kwa upole kama anaona vema jambo la ndani la familia lisikike na kila mtu. Bi Atija alisema kijiji kizima cha mdogo wake kinajua habari ya vidole vile, watoto wake wanaijua, na wanaijua kwa namna anayoisimulia Amisse. Halafu akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kwa miaka yote hii: "Kaseti anaweza kuikataa. Redio ya jirani ataizimaje?"

Tulianza siku ileile, na ilikuwa haraka mno. Redio kaseti ya Mzee tuliiunganisha kwa waya nyuma ya kompyuta. Mara ya kwanza tulipata kimya. Faraji akagundua kwamba kompyuta ilikuwa ikisikiliza tundu la maikrofoni badala ya tundu la waya, akabadilisha. Mara ya pili sauti ilikuja. Ilikuwa ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo, karibu sana na maikrofoni ya siku hiyo, unasikia anavyovuta pumzi. Mimi sijui Kimakua. Faraji ni Mmakua, na nilimwona akiacha kugusa kila kitu. Bi Atija alikuwa ameinamisha kichwa. Tukafurahi kwamba imeingia, lakini tulipoisikiliza upya ilikuwa na matundu: neno, kisha pengo, maneno mawili, kisha pengo, kama mtu anayeongea huku mwingine akimfumba mdomo. Kitu fulani ndani ya kompyuta kilikuwa kikigombea kadi ileile na kuipokonya kila baada ya muda. Faraji akasema turudie. Tukarudia, na safari hiyo redio kaseti ikaula mkanda. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa karatasi inayokunjwa. Mzee Likapa alifika kabla ya mtu yeyote, akazima, akautoa mkanda kwa kidole mpaka wote ukawa nje, umekunjamana.

Bi Atija aliutazama mkanda, akauliza kama mama ameharibika. Aliuliza hivyo hivyo, kwamba mama ameharibika. Mzee alimjibu kwamba hajaharibika, ameumia kidogo. Akakaa mezani na wembe wake na gundi ya karatasi, akakata kipande kilichopasuka, kifupi kuliko ukucha wa kidole gumba, akaunganisha, akaurudisha mkanda kwa kuzungusha kalamu. Ilimchukua mchana wote. Alipomaliza alimgeukia Faraji akamwambia mkanda umezeeka, utapita mara moja zaidi, pengine, na hautapita mara ya pili. Bi Atija alikwenda kulala kwa mtu wa kwao Ufukoni. Faraji alibaki amekaa, na kwa mara ya kwanza nilisikia akisema kwamba labda Mzee amwite tu huyo fundi mwingine.

Nilimwambia haiwezekani kuamua hivyo kabla ya kujua ni nani anayegombana na nani. Sikusema kwa busara. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimechoka kurekodi watu mara mbili. Lakini ndivyo tulivyofanya wiki ile. Asubuhi tulikwenda kwenye duka la intaneti mjini, tukachapa kurasa za watu wa nchi nyingine waliokuwa na shida kama yetu, wengi wao wakitukanana, wachache wakisaidiana. Humo Faraji alipata amri ndogo ya kuandika kwenye skrini nyeusi, fuser, ambayo kazi yake ni kuuliza: kifaa hiki kimeshikwa na nani? Tukawa tunafungua programu moja, tunauliza. Tunaifunga, tunauliza tena. Ndivyo tulivyogundua kwamba kulikuwa na mtumishi wa sauti aliyeamka pamoja na kompyuta bila kuitwa, kazi yake kupiga vile vimilio vya kukaribisha na kuaga, na kwa ajili ya kazi hiyo ndogo aliishika kadi kutwa. Programu ya kurekodi haikujua kumwomba yeye. Ilitaka kadi yenyewe. Ya muziki ilikuwa na njia mbili, na kila ilipokosa moja ilijaribu nyingine, huku ikisukuma. Hapakuwa na kitu kibovu. Kila moja ilifanya ilivyofundishwa na mtu aliyeitengeneza, na watu hao hawakuwahi kukaa chumba kimoja.

Nikitazama nyuma naona kwamba kazi niliyoifanya baadaye maisha yangu yote, ya kukata na kuunganisha sauti za watu na kufundisha wengine kufanya hivyo, niliichukua wiki ile, na sikuichukua kwa mapenzi. Niliichukua kwa sababu nilipenda kuwa na swali moja ambalo lina jibu. Nyumbani nilikuwa na maswali mengi ya aina nyingine. Tulikuwa tunakula pale pale mezani, ugali wa muhogo na kisamvu kutoka kwa mama wa chai, tukiondoa bakuli kila tulipohitaji kibodi, na upande wa pili wa ukuta wabanguaji wakibishana kama mwanamume anaweza kujutia jambo bila kulisema. Mmoja alisema anaweza, na atakuonyesha kwa kuezeka paa. Wenzake walicheka sana. Faraji naye alitabasamu bila kuacha kutafuna.

Kwa kazi za kila siku tulimaliza hivi: Faraji alimlaza yule mtumishi wa vimilio asiamke tena, akaandika faili fupi la kuzielekeza programu zote kupita njia moja yenye uwezo wa kuchanganya sauti kabla hazijafika kwenye kadi. Zikaanza kuishi pamoja. Lakini kwa kaseti ya Bi Atija hakutaka kuamini hata njia hiyo. Kompyuta ilikuwa ya polepole, na mapengo yangeweza kurudi. Alisema tutazima kila kitu, mpaka ile sura yenyewe ya kompyuta yenye picha na vitufe, tubaki na skrini nyeusi na amri moja ya kurekodi. Mzee aliuliza tutasikiaje kama inaingia. Faraji akajibu kwamba hatutasikia. Kuisikiliza ndani ya kompyuta kungekuwa ni kuongeza mgombea mwingine. Tutamsikia mama kwenye redio kaseti tu, na kama ameingia tutajua mwishoni.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala, wabanguaji wamekwenda nyumbani na ghala lote liko kimya. Bi Atija alivaa spika za masikioni zilizochomekwa kwenye redio kaseti. Faraji aliandika amri, akabonyeza, Mzee Likapa akabonyeza kaseti. Skrini haikuonyesha chochote isipokuwa mstari mmoja wa maandishi na kijialama kinachowakawaka. Tulinong'ona, ingawa hapakuwa na maikrofoni iliyofunguliwa. Bi Atija alianza kuyarudia maneno ya mama yake kwa sauti ndogo, bila kujua kwamba anayarudia, na Faraji akanitafsiria sikioni. Mama alikuwa anamuuliza Amisse habari za mguu wake aliokuwa akiumwa utotoni. Alimtajia majina ya ndugu waliofariki, ili awaombee. Alimwambia kwamba ile siku mtoni alihesabu watoto wake akaona mkubwa ni wa kike na askari wanakuja, akaogopa kumwacha msichana ukingoni kuliko kumwacha mvulana mdogo. Alisema, nilimwambia dada yako akubandue vidole, na asingenitii ningembandua yeye vya kwake. Hapo Bi Atija akanyamaza, akawa anasikiliza tu. Sehemu iliyounganishwa na Mzee ilipofika tuliukodolea macho mkanda, ikapita. Mkanda ulifika mwisho, kitufe kikaruka chenyewe.

Faraji alisimamisha, akarudisha ile sura ya kompyuta, na ilichukua muda wake kuwaka kama vile haikuwa na habari. Alifungua rekodi. Ilikuwa nzima. Mzee Likapa alitoka nje, tukamsikia akimwomba mama wa chai maji ya kunywa.

Kipindi kilirushwa Alhamisi iliyofuata. Mzee alikitanguliza kwa maneno machache sana, akataja jina la Amisse na la mama yake, akaacha sauti iende. Kisha hapakutokea kitu. Wiki zilipita, Idd ikapita na Faraji akabaki kazini, na suala la fundi mwingine halikutajwa tena. Mwishoni mwa mwaka huo alipata ile kazi ya Dar es Salaam. Aliniaga pale mlangoni, akaniachia zile kurasa tulizochapa, nikaendelea na kile chumba mpaka wafadhili walipoacha na ghala likarudishwa lote kwa wenye korosho. Tuliandikiana kidogo, halafu tukaacha. Hatukuwa na ugomvi. Ni umbali tu na kazi.

Lakini kabla hajaondoka, mvua zikiwa zimeanza, alikuja mwanamume mmoja mrefu, amelowa, akasimama mlangoni akauliza kwa Kimakua ni nani waliomtia mama yake redioni. Alikuwa Amisse. Alivuka Kilambo akapita mlangoni kwa dada yake bila kuingia. Mzee Likapa alimpeleka kwake akalala, na akatuma mtu kumwita Bi Atija. Kesho yake walikuwa wote wawili mle chumbani. Amisse alichukua kiti akakigeuza, akakaa akiwa amempa dada yake mgongo, na kila alichosema alimwambia Faraji. Bi Atija alikaa kwenye mkeka, hakujaribu kumsemesha.

Amisse alisema wenzake wamemwambia kwamba kompyuta inaweza kutengeneza sauti ya mtu yeyote. Alitaka kujua kama ile ni ya mama yake kweli, au dada yake ameleta mwanamke mwingine akafundishwa maneno. Faraji alifikiri. Kaseti ilikuwepo, lakini tulijua haitapita tena. Kisha akakumbuka kwamba rekodi ile ya kwanza, yenye matundu, hatukuifuta. Akamweleza kwamba waliichukua sauti mara mbili, na ya kwanza iliharibika. Akazifungua zote mbili katika programu mbili tofauti, akazilinganisha mwanzo wake, akazicheza kwa pamoja. Miezi michache nyuma moja ingeikataa nyingine. Sasa zilikwenda sambamba, na mama alisikika kutoka pande mbili. Kila ile mbovu ilipokatika, nzima ilimalizia neno lilelile, kwa pumzi ileile. Amisse alisikiliza akiwa ameegemeza viwiko magotini. Akaomba ile mbovu ichezwe peke yake, Faraji akaicheza. Alimsikiliza mama yake akikatika na kurudi, mpaka mwisho. Nadhani ndiyo iliyomshinda. Mtu anayetaka kukudanganya hakuletei kitu kilichoharibika namna ile.

Mzee Likapa alinyanyuka kidogo kama anayetaka kusema kitu, akakaa tena. Amisse alikigeuza kiti. Alimtazama dada yake kwa muda, akasema maneno mawili matatu, na safari hii hakuyapitisha kwa Faraji, na Faraji akasahau kututafsiria. Bi Atija alinyoosha mkono wa kulia. Amisse aliushika, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena, akawa anatafuta kitu karibu na kifundo. Bi Atija akamjibu jambo fupi, na yule mwanamume mrefu akaufunika uso wake kwa mkono ule ule wa dada yake.

Waliondoka pamoja kabla ya adhuhuri. Nilipomuuliza Faraji, tukiwa kwenye benchi la chai, alikoroga sukari kwanza. Alisema Amisse alimwambia: dada, siku ile nilikuuma mkono, bado unauma? Na Bi Atija alimjibu kwamba hauumi, wala alama hakuna. Alimwambia, ulikuwa na meno madogo.